Kamba kwanza, mwili baadaye

Riziki yangu iko chini ya maji. Mota ya mtumbwi ikichomoka kule Kituku, bandari ya Goma kwenye Ziwa Kivu, nanga ikinasa, simu ikimponyoka bwana harusi kwenye boti, mimi ndiye naitwa. Kuzamia nilijifunzia Mombasa. Uokoaji niliusomea baadaye, baada ya aibu: mwenzangu aliishiwa nguvu juu ya maji, karibu kabisa na ufuko, nami nikamwendea uso kwa uso. Akanipanda kichwani kama ngazi. Aliyetutoa wote wawili ni mvuvi aliyetunyooshea kasia, na hata suruali yake haikulowa.

Kwa hiyo kijana akinijia kujifunza, namwanzisha nchi kavu, na wengine hununa. Chukua bido (dumu) tupu la lita tano, tia maji kidogo ndani lisipeperuke, lifunge kwenye kamba ya mita 20. Kanyaga ncha ya kamba. Rusha bido lipite kichwa cha mtu, kisha livute limfikie mikononi. Rudia mpaka ulipatie hata jioni upepo ukivuma. Kasia, kisha kamba, kisha mtumbwi. Kuogelea kumfuata mtu ni pale vyote vitatu vimeshindikana.

Mzamiaji aliyeshikwa na hofu utamjua: kasukuma maski kwenye paji la uso, katema kinywa cha kupumulia, anapiga maji kwa mikono, ukimwita hajibu. Simama mita tatu kutoka kwake, jaza hewa koti lako la kuelea, mwite kwa jina, mwamuru aangushe mkanda wa risasi (risasi ya madini, uzito wa kumzamisha, watu wa Goma msishtuke). Asiposikia, mzungukie, umshike mtungi wa hewa kwa nyuma, uubane kwa magoti, ujaze koti lake hewa na kuufungua mkanda wewe mwenyewe. Akikukamata, toa hewa kwenye koti lako ushuke chini. Atakuachia, maana anachotafuta yeye ni juu.

Chini ya maji, mtu akipitisha mkono kooni kama anayekata, maana yake hewa imemwishia. Mpe kinywa chako cha akiba, shika ukanda wa koti lake, pandeni taratibu, mita 9 kwa dakika, mkipumua njia nzima bila kubana pumzi. Aliyezimia mshike kwa nyuma, kinywa cha kupumulia kisimtoke, umpandishe. Juu jaza koti lake, angusha risasi, umvute hadi nchi kavu. Kama hapumui, anza na pumzi 5, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika. Ndani ya mtumbwi unaoyumba utakuwa unakanda mbao tu, basi wahi ardhi ngumu. Haya usijifunze kwa kusoma. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya kozi ya uokoaji. Mimi niliombwa cheti kisichozidi miezi 24.

Sasa Kivu yenyewe. Ziwa liko kama mita 1,460 juu ya bahari, na hewa inayolikandamiza ni kama asilimia 85 tu ya ile ya Mombasa. Ukitumia jedwali la baharini, lile la kupangia kina na dakika za kuzamia, mita 18 za hapa zihesabu kama 21. Maji si ya chumvi, punguza risasi. Ukitoka majini, siku hiyo usipande milima ya Masisi, maana juu hewa inazidi kuwa nyepesi, na Nyiragongo ndiyo kabisa, kilele chake ni karibu mita 3,470.

Mtungi nao unaweza kukuua kabla ya maji. Mdomo wa kompresa inayoujaza hewa ukae upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa jenereta, wala usiiweke bondeni kwenye mazuku, mashimo yenye gesi ya volkano. Na mazuku sisi tunayajua: ukiona mtu kalala kwenye shimo, au mbuzi kafa hapo bila jeraha, usishuke kumbeba. Hewa ile nzito imejaa chini, itakulaza pembeni yake. Mtupie kamba kama ana fahamu, la sivyo ita wenye vifaa vya kupumulia.

Mwisho, maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kuzamia. Mlaze, mpe oksijeni tupu, mnyweshe maji kidogo kama yuko macho, mwahishe kwa daktari ukimweleza kina na dakika. Kuna wazee watakwambia umrudishe chini maumivu yayeyuke. Wasalimie kwa heshima, na mtungi usiwape.