Adui mkuu apewe sababu kabla ya uchawi

Ndugu zangu wa hapa Goma mnaosimulia michezo ya kuigiza ya mezani (msimulizi hutunga kisa, kila mchezaji huigiza mhusika wake, na dadu huamua matokeo), kabla ya kumpangia adui mkuu nguvu na silaha, mwandikieni sentensi moja tu: anataka nini, na kwa nini anaona ni haki yake? Adui anayetaka tu kuangamiza dunia huchosha haraka, maana hakuna cha kubishana naye.

Chukua mfano wa hapa hapa. Mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya mabondeni. Mbuzi anaanguka wakati mchungaji aliyesimama bado anapumua. Sasa mtungie chifu mzee mwenye kuamrisha upepo, aliyezika wanawe kwa hewa kama hiyo. Ameapa kuiondoa mjini, na anaweza kweli. Ila anaisukumia kijiji cha wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Wachezaji watagawanyika mezani, na huo ndio utamu wenyewe!

Usimlete mapema. Kwanza wachezaji waone mbuzi wamelala bondeni bila jeraha, na taa ya mvuvi iliyozimika ingali na mafuta tele. Halafu kila kikao kikiisha, andika adui amepiga hatua gani wao walipokuwa sokoni wakichagua mapanga. Wakichelewa, kijiji kife kweli, usikiokoe kwa huruma. Na dadu zirushwe mbele ya wote.