Mistari miwili siyo mimba: ninavyopima sumukuvu kabla ya kununua mahindi

Mashine yangu ya kukoboa na kusaga iko Dodoma mjini. Mahindi nachukua Kibaigwa, na msimu ukibana naenda mpaka Kiteto. Mwaka 2016, watu walipokufa kwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, huku kwetu na kwa jirani zetu Manyara, wateja walianza kuniuliza kama mzigo nimeupima. Jibu langu lilikuwa moja tu: nimeuangalia. Kumbe punje inaweza kuwa nyeupe, ngumu, haina hata harufu ya uvundo, na sumu imo. Kupika nako hakuiondoi. Ndiyo nikaanza kununua stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sumukuvu.

Ukienda kuzinunua, soma kwenye boksi zinapima kwa mpaka upi, yaani kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Kwetu mpaka wa sumukuvu zote kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 peke yake ni 5. Zipo stripu zilizotengenezwa kwa kufuata mpaka wa Marekani, yaani 20. Mahindi yenye 15 yatapita hapo kama hayana kitu. Angalia pia tarehe ya kuisha muda. Kama zinatunzwa kwenye friji, zitoe mapema na usifungue kopo mpaka ubaridi uishe, la sivyo zitanyonya unyevu na kuharibika.

Sasa sampuli. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, halafu wanailaumu stripu. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye mzigo. Punje chache zinaweza kubeba sumu yote, na jirani zake zikawa safi kabisa. Kwa hiyo ukichota kiganja kimoja juu ya gunia la kwanza, umepima bahati yako tu. Magunia yakiwa 10 au pungufu, mimi huchoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kila gunia. Yakizidi 10 mpaka 100, nachagua 10, na nachagua mwenyewe, siyo dalali anichagulie. Yakizidi 100 natumia kipeuo cha pili: magunia 144, nachoma 12. Kila gunia juu, katikati na chini. (Chini ndiko kunakofichwa mambo.) Yote namwaga kwenye turubai, nachanganya kwa koleo safi, nagawa mafungu manne, naondoa mawili yanayotazamana, nachanganya tena, mpaka zibaki kilo chache. Hizo nazisaga zote, laini kama kahawa ya unga, ndipo nachota kiasi cha kupima. Kinu nakisafisha kabla, maana pumba za mzigo wa jana zinaweza kukudanganya. Vaa barakoa, vumbi lenyewe lina sumu.

Kuanzia hapo fuata karatasi ya kwenye boksi, kwa sababu kila aina ina vipimo vyake. Kwa kawaida unapima unga kwenye mizani ndogo, unatia kimiminika cha kutolea sumu, unatikisa kwa dakika zilizoandikwa, unaacha utulie au unachuja, unachanganya na dawa yake, kisha unachovya stripu. Kama kimiminika ni methanoli, chupa iandikwe kwa herufi kubwa na ifungiwe kabatini. Kijana wa mashine akidhani ni gongo, utamzika.

Halafu kusoma. Mimi ni mama wa watoto wanne, mistari miwili nilikuwa naijua kwa maana moja tu. Siku ya kwanza stripu ilipotoa miwili nikamrudisha mzee mmoja na magunia yake 30. Akaniuliza, "Mwanangu, mahindi yangu yamekosa nini?" Sikuwa na jibu zaidi ya kumwonyesha ile mistari. Jirani yangu akayanunua palepale, na alifanya vizuri, kwa sababu kwenye stripu hizi miwili maana yake sumu haijafika mpaka. Stripu ina sehemu mbili za mistari: C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, na T, wa kupima sumu. Rangi inayopanda kwenye stripu hutafuta kitu cha kushika. Sumu ikiwa nyingi huiwahi njiani, na mstari wa T haujitokezi. Ukiona C peke yake, mzigo una tatizo. C isipotokea, kipimo kimeharibika, hata kama T inang'aa. Soma kwa dakika zilizoandikwa. Ukienda kunywa chai na kurudi, usiiamini tena. Mstari wa T ukiwa hafifu, karatasi itakwambia uuhesabu vipi. Mimi huchukua sampuli nyingine na kurudia.

Mzigo ukifeli mara mbili siununui. Siuchanganyi na msafi ili ushuke, na simshauri mwenye nao ampe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Mwenye mzigo akibisha, na wengi hubisha, namfungia nusu ya ule unga kwenye mfuko, naandika tarehe na idadi ya magunia, namwambia aupeleke TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ukapimwe maabara. Nusu nyingine inabaki kwangu. Yule mzee wa magunia 30 nilimtafuta gulio lililofuata nikamwomba radhi. Siku hizi ananiletea mahindi, ila stripu lazima aisome mwenyewe kwanza.