Kabla Hujaanza Kuhesabu Wanga wa Posho na Matoke

Kabla ya mizani, tafuta namba. Uliza kliniki yako ya kisukari: mlo mmoja unaruhusiwa gramu ngapi za wanga? Anayejidunga insulini na anayemeza vidonge hawapewi jibu moja, na namba ya jirani haikufai. Tafadhali usipunguze chakula ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kuporomoka. Weka sukari ya mezani karibu: kipimo kikishuka chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko vidogo vinne kwenye maji, ambavyo ni kama gramu 15 za wanga, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15.

Sasa mizani ya jikoni. Pima sufuria ya posho (ugali) ikiwa tupu, uandike uzito wake. Wengi huruka hatua hii, na bila hiyo hesabu yote imeharibika. Kila nyumba husonga posho yake, moja ngumu, nyingine laini, ndiyo maana siamini sana namba za posho iliyoiva zinazosambazwa. Anzia kwenye unga. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga wa gramu 76 hivi, kwa hiyo nusu kilo ina 380, maji yawe mengi au machache. Posho ikiiva, pima, toa uzito wa sufuria. Tuseme imebaki gramu 1,700. Gawanya 380 kwa 1,700: kila gramu 100 za posho yako zina wanga wa 22. Kipande cha gramu 300, ambacho kwetu hakimshangazi mtu, kinakaribia 67.

Matoke (ndizi za kupika) yapime yakishamenywa, kabla ya kufungwa kwenye majani. Gramu 100 zina 30 hivi. Muhogo mbichi hufika 38, viazi vitamu kama 20. Maharage nayo yahesabiwe. Mchuzi wa binyebwa (karanga) una wanga kidogo, ila mafuta yake huchelewesha sukari kupanda.

Pagumu ni kula nje. Kampala ukiulizwa "chakula gani?" unaulizwa matoke, posho, wali, viazi au muhogo; nyama na maharage huhesabiwa kuwa mchuzi. Ukisema "changanya", sahani inakuja na aina tano na huwezi tena kujua umekula nini. Sema mapema, kabla mwiko haujaingia sufuriani: "Nnyabo (mama), niwekee matoke na wali tu, kidogo kidogo." Wiki moja kabla, pakua na upime nyumbani hadi macho yazoee gramu 150 zinavyokaa kwenye sahani.

Vijiti vya kupimia sukari ni ghali, basi vitunze kwa mlo unaoujifunza: kimoja kabla ya kula, kingine saa mbili baada ya tonge la kwanza. Andika namba zote mbili kando ya gramu, na daftari hilo uende nalo kliniki.