Kuzungushia tuta mbao zisitoke tumbo

Tuta la kwanza nililolipwa kuzungushia mbao lilikuwa Chumbageni, mwezi wa pili. Likapendeza kweli. Mwezi wa nne mama mwenye nyumba akanipigia: "Fundi, njoo uone, mbao yako ina mimba." Masika ilikuwa imelowesha udongo, udongo ukavimba na kusukuma nje, misumari ikang'oka kwenye vigingi. Nilikuwa nimevipiga kwa ndani ili visionekane. Nilirudia kazi yote bure, na tangu siku hiyo nafanya hivi.

Mbao

Kwa tuta la futi 8 kwa 4, nunua mbao mbili za futi 12, inchi 2 kwa 6. Kila moja ikate futi 8 na futi 4, hakibaki kitu. Upana wa futi 4 una sababu: ukichuchumaa upande wowote mkono unafika katikati bila kukanyaga udongo.

Watu wa Tanga tunapenda mitiki, maana shamba la Longuza liko hapo Muheza tu. Ni mbao nzuri, ila angalia rangi. Kiini cha kahawia mchwa hawakiwezi upesi. Ile sehemu nyeupe ya pembeni wanaila kama mkate, na kwenye miti michanga nyeupe ndiyo nyingi. Paini isiyotiwa dawa usiiweke ardhini kabisa. Boriti za mikoko nazo achana nazo, misitu ile imehifadhiwa na kuikata bila kibali ni kosa.

Kuna wanaopaka oili chafu ya magari kuzuia mchwa. Mimi kwenye tuta la mchicha sikubali, hata mteja akiniomba. Oili inashuka kwenye udongo huohuo unaootesha mboga yako.

Kupima

Piga vigingi vinne vya muda, funga kamba. Ya katani inatosha, na kwetu hapa si ya kuhangaikia. Mbao fupi zitaingia katikati ya ndefu, kwa hiyo kamba iwe futi 8 kwa futi 4 na inchi 4. Sasa pima kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, pembe zote nne zimekaa pembe mraba. Visipolingana, ule mshazari mrefu sogeza vigingi vyake kwa ndani kidogo, upime tena.

Mtaro

Fuata kamba, chimba mtaro wa upana wa koleo, kina inchi 3. Mwaga kokoto ndogo za inchi 1, shindilia. Kokoto hizo ndizo zinazofanya maji yasituame chini ya mbao. Weka pima maji juu ya mbao. Eneo likiwa na mteremko, chimba zaidi upande wa juu, usiinue upande wa chini kwa vipande vya matofali.

Ukiwa Raskazone au popote karibu na bahari, huenda ukagonga mawe ya matumbawe. Hapo jembe weka kando, leta mtaimbo, na matundu ya vigingi yatoboe nao kwanza.

Kuunga na kukaza

Pembeni tumia skrubu za inchi 4 zenye zinki, tatu kila pembe. Misumari ya kawaida upepo wa chumvi unaimaliza. Toboa kwanza kwa drili, maana mbao hupasuka mwishoni.

Sasa vigingi, ambavyo ndiyo kazi yenyewe. Vichonge inchi 2 kwa 2, urefu inchi 18, na uvipige kwa nje: vitatu kila upande mrefu, kimoja katikati ya kila upande mfupi. Udongo unasukuma nje, kwa hiyo kigingi cha nje kinaegemewa na mbao, wakati cha ndani kinategemea skrubu peke yake. Kichwa chake kiwe chini ya ukingo wa mbao kwa inchi 1, ukikate mshazari maji yateleze. Kaza kwa skrubu za inchi 3 kutokea ndani, kabla hujaweka udongo. Wanaosema vigingi vya nje vinaharibu sura, wapande maua mbele yake.

Kujaza

Tandika nailoni nzito ndani ya mbao, kuta tu. Chini acha wazi, mizizi na maji vipite. Jaza udongo na samadi iliyooza hadi inchi 1 chini ya ukingo. Mwagilia, subiri siku mbili, udongo ukididimia ongeza.

Vibanzi vya kuchonga vigingi viokote vyote, usivifukie tutani, mchwa huanzia hapo. Vinafaa kuwashia jiko, isipokuwa vya mbao zilizotiwa dawa: hivyo usivichome.