Video ya Gari Yenye Sura ya Filamu kwa Kamera ya Kawaida: Mwongozo kwa Wapigapicha wa Mtwara

Bodi ya gari iliyosuguliwa vizuri huakisi kila kilicho mbele yake: mawingu, nguzo za umeme, ukuta wa duka na hata mpigapicha mwenyewe. Ndiyo maana mtu mwenye kamera ya mtumba, au simu inayomruhusu kupanga shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) kwa mkono, anaweza kutoa video nzuri kuliko ya mwenye kamera ya mamilioni, ilimradi ajue gari lisimame wapi na saa ngapi.

Pwani ya Mtwara inatazama mashariki. Jua huchomoza upande wa bahari karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama upande wa bara, hivyo anayetaka gari lenye bahari na anga la dhahabu nyuma yake hana budi kuamka alfajiri. Jioni ufukweni utapata mwanga laini, lakini si jua juu ya maji. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua huwa juu mno. Paa hung'aa hadi kupoteza rangi, na magurudumu humezwa na kivuli.

Ikiwa mwenye gari anapatikana mchana tu, mpeleke Mikindani, takriban kilomita 10 kutoka mjini. Liegeshe gari kwenye kivuli cha mojawapo ya majengo ya kale ya mawe, mahali ambapo ukuta mweupe wa upande wa pili unapigwa na jua na kurudisha mwanga kwenye ubavu wa gari. Huo ni mwanga mpana na laini ambao kwingineko watu huukodishia taa. Waombe ruhusa wenyeji kwanza, vaa nguo nyeusi ili usijione kwenye milango ya gari, na epuka kivuli cha minazi na mikorosho, kwa kuwa hulijaza gari mabaka ambayo hayaondoki wakati wa kuhariri.

Panga kamera irekodi fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, na shata iwe 1/50 ya sekunde. Kwa kasi hiyo ya shata magurudumu yanayozunguka huonekana kama ukungu wa mzunguko, jambo ambalo jicho limelizoea katika filamu; shata ya 1/1000 huyagandisha, na gari likaonekana linaburutwa. Tena umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mpangilio huu huzuia taa nyingi za barabarani zisimetemete kwenye video. Wengi huacha fremu 30 kwa sababu tu simu ilikuja hivyo. Taa za LED za gari lenyewe ni suala jingine, na inafaa kuzijaribu kabla ya usiku wa kazi.

Tatizo ni kwamba kwenye jua kali, ukiwa na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi la kupitishia mwanga likiwa f/4, mwanga sahihi hupatikana kwa shata ya takriban 1/1600. Ili kushuka hadi 1/50 ni lazima upunguze mwanga mara 32, na kazi hiyo hufanywa na filta iitwayo ND32. Simu nyingi, ambazo tundu lake ni kubwa na halibadiliki, huhitaji filta nzito zaidi. Mwenye fedha ya kununua kifaa kimoja tu anunue filta hii kabla ya kufikiria lenzi mpya. Kifaa cha pili kiwe filta ya polaraiza, ambayo huzungushwa taratibu hadi mng'ao wa kioo cha mbele upungue.

Usilisogelee gari kwa lenzi pana, kwani boneti huvimba na sehemu ya nyuma hunywea. Rudi nyuma, tumia lenzi ya milimita 50 au ndefu zaidi, na weka kamera usawa wa taa za mbele.

Picha za mwendo hazihitaji mbio. Kilomita 30 kwa saa zinatosha kabisa kamera ikiwa chini na vichaka vya kando vikiwa karibu. Gari la kubebea kamera liwe gari dogo la aina ya saluni lenye springi laini. Bajaji inavutia kwa bei na kwa uwazi wake, lakini mtetemo wa injini yake huingia kwenye picha, na programu ya kutuliza video haiumalizi. Mpigapicha akae kwenye kiti cha nyuma akiwa amefunga mkanda, kamwe asikae kwenye buti lililo wazi. Katika msimu wa korosho, hasa Oktoba hadi Desemba, malori huwa mengi barabarani, hivyo chagua kipande kilichotulia. Kaa mbali na bandari, uwanja wa ndege na maeneo ya jeshi, na usirushe droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ufukweni, futa lenzi mara kwa mara, maana mvuke wa chumvi huleta ukungu ambao huuoni kwenye skrini ndogo ya kamera.

Wakati wa kuhariri, ambapo toleo la bure la programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve linatosha ikiwa kompyuta ina nguvu, hakikisha gari lililokuwa likienda kulia haligeuki ghafla na kwenda kushoto katika kipande kinachofuata. Sauti irekodiwe peke yake kwa simu ya pili, mahali pasipo upepo: injini ikiwashwa, ikinguruma gari likiwa limesimama, gari likipita, mlango ukifungwa. Kisha iweke sauti ya injini ianze kusikika kidogo kabla ya picha ya gari kutokea.