Ukishika megafoni Birere

Ukienda kuwaeleza watu wa Goma juu ya Ebola, anza na wauza makala (makaa) na vijana wa chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kabla ya chifu; wao ndio wanaozungusha habari mjini. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, nilisimama Birere, mtaa wa biashara mjini humo, nikisoma karatasi iliyojaa Kifaransa. Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo, akaniuliza: "Sasa papa, mimi nifanye nini?" Nikakosa jibu.

Tangu siku ile karatasi naiacha nyumbani. Nasema jambo moja tu: aliyemgusa mgonjwa afuatiliwe siku 21, maana dalili huweza kuchelewa hivyo. Halafu nanyamaza, nasikiliza. Uvumi usiucheke, uliza umetoka wapi. Usipojua, sema utarudi kesho, na urudi kweli. Yule mama alinisubiri mpaka sambaza zikaisha.