Sungura Anapopinda Shingo au Kushikwa na Degedege: Chunguza Kabla ya Kutibu

Mfugaji anayemkuta sungura wake asubuhi amelaza kichwa upande mmoja, jicho moja likitazama sakafu na jingine likitazama paa, mara nyingi huamua haraka kwamba mnyama amevunjika shingo na hana budi kuchinjwa, au kwamba ana minyoo, akamnywesha dawa yoyote ya mbuzi iliyobaki nyumbani. Maamuzi yote mawili ni ya pupa. Kupinda shingo ni dalili tu, na sungura wengi wanaopatwa nayo hupona, au huishi vizuri wakiwa na shingo iliyobaki imeinama kidogo, ilimradi chanzo kitafutwe mapema na mnyama asiachwe na njaa.

Jambo la kwanza ni kutofautisha kubingirika na degedege halisi, kwa sababu mambo haya mawili huchanganywa sana. Sungura aliyepoteza mizani ya mwili huanguka upande ule ule kila mara, hubingirika mara kadhaa mfululizo na macho yake huchezacheza bila kutulia. Hata hivyo ana fahamu zake, na ukimshika kwa uthabiti huku ubavu wake ukiegemea kifua chako, hutulia, na ukimpa jani huweza kulitafuna. Mwenye degedege hajitambui kabisa: mwili hukakamaa, kichwa hurudi nyuma, miguu hupiga hewani, mkojo huweza kumtoka, na tukio likiisha hubaki amezubaa kwa muda. Mchukue picha ya video kwa simu tukio linapoendelea, kwani daktari wa mifugo atajifunza mengi zaidi kwayo kuliko kwa maelezo ya mdomo.

Kisha angalia masikio. Sungura wenye masikio yanayoning'inia huathirika zaidi na maambukizi ya sikio, lakini hakuna aina iliyo salama kabisa. Magamba mazito ya kahawia ndani ya sikio huashiria utitiri; usiyabandue kwa nguvu, kwa kuwa ngozi iliyo chini yake ina vidonda na maumivu ni makali mno. Ivamektini ya sindano chini ya ngozi, ikirudiwa baada ya wiki mbili hivi, huwaua utitiri na magamba huanguka yenyewe. Usaha ulio ndani zaidi, nyuma ya kiwambo cha sikio, hauonekani kwa macho, na dalili yake inaweza kuwa mdomo au kope kulegea upande mmoja wa uso. Usaha wa sungura ni mzito kama samli iliyoganda, hautiririki kutoka wenyewe, na ndiyo maana matibabu ya antibiotiki huchukua wiki nyingi na wakati mwingine huhitaji upasuaji.

Masikio yakiwa safi, chanzo kinachoshukiwa zaidi ni kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, ambacho hushambulia ubongo, figo na macho. Sungura humeza vijidudu vyake katika chakula au maji yaliyochafuliwa na mkojo wa sungura mwenzake, na jike mwenye mimba huweza kuwaambukiza watoto tumboni. Wengi hubeba kimelea hiki kwa miaka bila kuugua. Kwa hiyo kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba sungura aliwahi kuambukizwa hakithibitishi kwamba ndicho kilichompindisha shingo, lakini kipimo kisichoonyesha chochote humsaidia sana daktari kukiondoa katika orodha ya washukiwa.

Dawa inayotumika ni fenbendazo, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku 28. Hapa uangalifu unahitajika sana. Dawa ya maji yenye nguvu ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, hivyo sungura wa kilo 2 anahitaji mililita 0.4 tu, mpime kwa mizani, usikadirie kwa macho, kwa sababu kuzidisha kipimo huweza kudhuru uboho unaotengeneza damu. Albendazo, ambayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi katika maduka mengi ya dawa za mifugo, imewahi kuua sungura kwa njia hiyo hiyo, na siishauri.

Antibiotiki za amoksilini, ampisilini na penisilini zisipitishwe mdomoni kwa sungura hata kidogo, kwani huua bakteria wema wa utumbo na mnyama huweza kufa kwa kuharisha. Daktari ana nyingine zilizo salama zaidi, kama vile enrofloksasini. Vilevile usimpake sungura dawa ya kupe na viroboto yenye fipronili, hata ikiwa mbwa wako huitumia bila shida. Dawa hiyo yenyewe husababisha degedege na kifo.

Sungura anaposhikwa na degedege, mtoe penye vitu vigumu, punguza mwanga na kelele, na usitie kitu mdomoni. Fikiria joto: kibanda cha mabati kisicho na kivuli huweza kumwangusha mnyama mchana, naye apozwe kwa kulowanishwa masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Jike mnene aliye karibu kuzaa na ambaye ameacha kula yuko katika hatari ya sumu ya mimba, yaani damu kuchafuka mwili unapovunja mafuta yake kwa haraka, nayo pia huleta degedege. Degedege isiyokoma baada ya dakika chache inahitaji daktari papo hapo, ambaye huweza kuituliza kwa diazepamu.

Uuguzi wa nyumbani huamua zaidi ya dawa. Sungura asiyekula kwa saa 12 yumo hatarini, kwa kuwa utumbo wake husimama. Loweka chakula cha punje (pellets) hadi kiwe uji, umlishe kidogo kidogo kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kupitia pembeni mwa mdomo na kichwa kikiwa kimeinuka, na kamwe si wakati anapobingirika. Mzungushie taulo zilizoviringwa ili asijigonge, na lisafishe mara kwa mara jicho la upande wa chini, ambalo hukauka na kuchubuka.

Mtenge na wenzake, ondoa matandiko yenye mkojo kila siku, na mwagia sakafu na vyombo maji yanayochemka. Kimelea cha Encephalitozoon cuniculi huweza pia kumwambukiza binadamu mwenye kinga dhaifu, hivyo kazi ya kusafisha kibanda ifanywe na mtu mwingine mwenye afya, aliyevaa glavu.